Sura ya Tano: Korongo la Mitaboni na Mlango wa Sabaki

Mvua ya Novemba ikiishukia Mitaboni, mitaro ya soko haikawii kufurika. Maji huteremka yakiwa mekundu kwa udongo, yakizoa kila kilicho chepesi: mabua ya mahindi, maganda ya maembe, vifuniko vya soda, chupa za plastiki, na patipati mojamoja ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau. Mvua hukatika, jua hutoka, na korongo lililokuwa likinguruma hubaki na vidimbwi na mchanga. Takataka hazipo tena. Watu husema zimeenda na maji, na mazungumzo huishia hapo.

Zimeenda wapi? Swali hili ndilo linalobeba sura nzima, na jibu lake linatupeleka mbali na Ukambani, hadi kwenye bahari ambayo watoto wengi wa Mitaboni hawajaiona.

Mitaboni iko Kathiani, katika kaunti ya Machakos, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipima moja kwa moja hadi mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi, utapata zaidi ya kilomita 350. Lakini maji hayapimi umbali, yanafuata mteremko. Makorongo ya vilima vya Machakos humimina katika vijito, vijito humimina katika Athi, na Athi haina pa kuishia ila baharini. Mto huu huanza pande za Ngong, hupita mji uliouazima jina, hupokea mto Nairobi pamoja na uchafu wote wa jiji, huzunguka karibu na Kilimambogo, kisha hugeuka kusini-mashariki na kuambaa na uwanda wa Yatta, ule ukuta wa lava wa karibu kilomita 300. Ndani ya Tsavo Mashariki huungana na mto Tsavo na kuitwa Galana, hujipenyeza katika miamba ya maporomoko ya Lugard, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Majina ni matatu, mto ni mmoja.

Si kila kinachoanza safari hii huimaliza. Mito ya Ukambani hubeba mizigo kwa vituo. Furiko moja hukisukuma kitu kilomita kadhaa, kikanasa kwenye mizizi ya mkuyu au kikafukiwa mchangani, kikangoja furiko jingine, pengine la mwaka mwingine. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 mahali mto Thwake unapoingia Athi, litanasa mengi zaidi. Kwa hiyo patipati iliyozolewa Mitaboni leo huenda ikafika Malindi baada ya miaka, huenda isifike kamwe. Lakini kwamba vitu vya Machakos hufika Malindi si jambo la kukisia. Uko ushahidi, na umeandikwa katika jiwe.

Jiwe hilo ni tumbawe. Matumbawe makubwa ya mviringo yaliyomo katika bahari ya Malindi hujijenga tabaka juu ya tabaka, mwaka hadi mwaka, na kila tabaka hutunza dalili za maji yaliyolizunguka wakati linaundwa. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Dominik Fleitmann lilichapisha matokeo ya kuchunguza tumbawe moja la huko lenye umri wa miaka 300 hivi. Walipima bariamu, madini ambayo huja na udongo wa mtoni na kuachiliwa udongo unapokutana na maji ya chumvi. Kwa miaka 200, tangu 1700 hadi 1900, kiwango kilikuwa cha chini na hakikubadilika sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupanda, na hakikurudi tena chini. Hiyo ndiyo miaka ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa ikichukua ardhi ya nyanda za juu, na Wakamba wakabanwa katika maeneo ya hifadhi pamoja na mifugo yao. Katika miaka ya 1930 mmomonyoko wa Machakos ulikuwa gumzo hadi London. Huku juu watu waliliona janga hilo kama makorongo yanayopanuka. Kule chini kiumbe wa baharini alikuwa akiliandika kimyakimya mwilini mwake.

Nimeuzungumzia udongo kwa kirefu kwa sababu udongo ndio shahidi tuliye naye. Kinachoelea hupita mlango uleule.

Twende sasa kwenye mlango wenyewe. Maji ya mto ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo Sabaki haichanganyiki na bahari mara moja. Hutandaa juu yake kama zulia la rangi ya chai ya maziwa. Mahali zulia linapokoma pana mpaka unaoonekana kwa macho: huku maji ya matope, huku maji ya samawati, na katikati mstari wa povu. Ukiusogelea kwa mashua utaona mstari huo umebeba vijiti, majani, mwani, vifuniko, vipande vya maboya na ndege wanaodonoadonoa. Sababu yake ni kwamba maji ya pande zote mbili yanasogea kuelekea mpaka ule, na yakikutana huzama. Maji yanaweza kuzama, lakini chupa yenye hewa haiwezi. Hubaki juu, ikaongezewa nyingine, na nyingine. Wavuvi huifuata mistari hii kwa kuwa samaki nao huifuata. Ndiyo maana takataka haziko sawa kila mahali baharini: maili nzima inaweza kuwa safi, kisha hatua chache mbele ukakuta utepe mzima wa plastiki.

Baada ya hapo kitu kinaingia mikononi mwa maji kujaa na kupwa.

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa saa tano kasoro dakika kumi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, na hapo Mombasa tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita moja na kitu. Wote wanaoishi kwa bahari, mvuvi, mkulima wa mwani, nahodha, huipanga wiki yao kwa hesabu hii.

Tuseme mkondo wa maji kupwa hufikia nusu mita kwa sekunde unapokuwa na nguvu kuliko nyakati zote. Kitu kinachoelea nao kitasafiri kilomita 7 hivi kabla maji hayajageuka. Maji yakijaa kitarudishwa kilomita zizo hizo. Ukiishia hapo utasema bahari inakisukasuka kitu bure, na kwa sehemu kubwa utakuwa umesema kweli. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. Tukiona chupa ikiondoka na maji tunadhani imekwenda Uhindini, kumbe nyingi hurudi ufuoni karibu na pale zilipoingilia, baada ya siku chache au wiki chache. Mikoko imelijua hilo zamani. Mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani, huanguka kutoka kwa mama yake ikiwa imekwisha kuchipua, huelea, na ikikosa tope la kushika mara moja inaweza kuendelea kuelea kwa wiki nyingi. Hata hivyo katika hori kama Mida, karibu na Watamu, mbegu nyingi hutua jirani na mti uliozizaa. Chache tu hutoka nje ya mlango wa hori na kwenda kuanzisha msitu mahali pengine.

Hizo chache hutoka vipi? Hutoka kwa sababu kitu hakirudi kwa njia ileile kilichoendea. Karibu na ufuo maji ni haba, yanasugua chini, na mwendo wake ni wa polepole. Katikati ya mkondo ni ya kina na yanakimbia. Maji ya ukingoni hugeuka mapema, ya katikati huchelewa. Chukua vifuu viwili vya nazi, kimoja kiwe hatua chache tu karibu zaidi na ufuo. Maji yakigeuka, kimoja kimeanza kurudi wakati kingine bado kinakwenda mbele. Kesho viko mbali zaidi, na kesho kutwa kimoja kimeingia katika zingo nyuma ya mwamba, kingine kimevuka mwamba wa matumbawe na kuona bahari kuu. Tofauti ndogo ya mahali imezaa tofauti kubwa ya safari.

Wataalamu wawili, Lewis Fry Richardson wa Uingereza na Henry Stommel wa Marekani, walilipima jambo hili kwa njia nyepesi ajabu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1948. Walisimama kwenye gati huko Loch Long, Uskoti, wakatupa majini vipande viwiliviwili vya mzizi mweupe wa jamii ya karoti, wakapima jinsi vinavyoachana. Walichagua mzizi huo kwa sababu unaonekana vizuri na kwa sababu huelea ukiwa umezama karibu wote, hivyo upepo haupati pa kuushika. Waligundua kwamba vipande vikiwa karibu huachana polepole, na kadiri vinavyoachana ndivyo mwendo wa kuachana unavyozidi. Vikiwa karibu, zingo kubwa huvibeba pamoja bila kuvitenganisha. Vikisha kuachana, zingo hilohilo huvuta kimoja huku na kingine kule. Kila anayetafuta mtu aliyepotea baharini hukumbana na ukweli huu. Saa za kwanza eneo la kutafuta ni dogo. Siku ya pili si mara mbili yake, ni mara nyingi zaidi.

Juu ya kujaa na kupwa kuna majira. Hapa pwani yetu ina jambo ambalo bahari nyingi duniani hazina, kwamba mkondo mkubwa wa jirani yake hugeuka kabisa mara mbili kwa mwaka. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba, mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbia kuelekea kaskazini, mara nyingine kwa zaidi ya mita moja kwa sekunde, hupita Malindi na Lamu na kuungana na mkondo wa Somalia. Wakati wa kaskazi, tangu mwishoni mwa Novemba hadi Machi, mkondo wa Somalia hugeuka ukaja kusini, na mikondo hiyo miwili hukabiliana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Ikikutana haina pa kwenda ila mashariki, kuelekea katikati ya bahari ya Hindi. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi inaanza, akafika Calicut mwezi uliofuata kwa msaada wa rubani aliyempata hapo Malindi. Rubani ndiye aliyekuwa na elimu hii. Mreno alikuwa na meli tu.

Weka sasa kalenda ya Machakos kando ya kalenda ya bahari. Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya vuli, ya Novemba na Desemba. Mafuriko yake hufika Sabaki kaskazi ikiwa inaingia. Basi zulia la matope, pamoja na kila kinachoelea juu yake, husukumwa kusini kuelekea ghuba ya Malindi na hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, na mbele yake Watamu. Hayo ndiyo maji ya kahawia ambayo wenye hoteli wa Malindi huyalalamikia, tena katika miezi ambayo wageni ni wengi. Mvua za masika, za Aprili na Mei, hufika mlangoni kusi ikiwa imesimama. Mzigo wake huelekea kaskazini, Mambrui, Ngomeni na ghuba ya Ungwana. Mtaro ni uleule, takataka ni zilezile. Mwezi zilipofika mlangoni ndio unaoamua ni kijiji gani kitazipokea.

Bado upepo wenyewe una neno lake. Chupa tupu iliyofungwa kifuniko huelea nusu yake ikiwa nje ya maji, na sehemu ile ya nje ni tanga. Chupa isiyo na kifuniko hujaa maji, hutopea, na kwenda na mkondo tu. Patipati hulala bapa juu ya uso wa maji, ikiburutwa na ngozi ya juu kabisa ya bahari, ambayo upepo huisukuma kwa mwendo wa karibu asilimia 3 ya mwendo wake. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao wakati wa kusi si wa ajabu, unaweza kukisogeza kitu kama hicho kilomita 26 kwa siku, mbali na kazi ya mkondo. Hata umbo lina hukumu yake. Mwaka 1990 makasha ya viatu yalipoanguka kutoka melini katika bahari ya Pasifiki, waokotaji wa fukweni waliona kwamba mahali pengine hutua zaidi vya kushoto, pengine vya kulia, kwa kuwa kila kimoja huukingia upepo ubavu tofauti.

Elimu hii ya tanga na mkondo iliingia katika habari za dunia kupitia kisiwa cha Pemba. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia, safari MH370, ilipotea na watu 239. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, kipande cha bawa lake kikaonekana Réunion. Juni 2016 kipande kingine kikubwa cha bawa kikapatikana ufuoni Pemba, na mwezi wa Septemba wachunguzi wa Australia wakathibitisha kuwa ni cha ndege hiyohiyo. Kilikuwa kimeelea zaidi ya miaka miwili. Njia yake inaeleweka: bahari ya Hindi ya kusini ina mkondo mpana uendao magharibi, ukifika Madagaska hugawanyika, na tawi la kaskazini hupiga pwani ya Afrika karibu na mpaka wa Msumbiji na Tanzania, kisha hugawanyika tena, nusu kusini, nusu kaskazini kwetu. Ili kurudi nyuma hadi mahali ndege ilipoangukia, David Griffin na wenzake wa taasisi ya CSIRO walichukua kipande halisi cha bawa la ndege ya aina hiyo, wakakikata kifanane na kilichookotwa Réunion, wakakiachia baharini karibu na Tasmania. Hakikwenda sawasawa na upepo. Kilikwenda kushoto kwake kwa nyuzi 20 hivi, na kwa kasi zaidi kuliko walivyodhani. Nyuzi hizo 20, zikizidishwa kwa siku mamia, ni mamia ya kilomita katika ramani ya kutafuta.

Mapema zaidi bahari iliwahi kutuletea mzigo wa namna hiyo. Mlima Krakatoa wa Indonesia ulilipuka Agosti 1883, na mwaka uliofuata mawe yake mepesi, yenye vitundu vya hewa, yalitua pwani ya Zanzibar. Mkondo ulioyabeba mawe yale ndio ule unaobeba chupa leo. Peter Ryan wa Chuo Kikuu cha Cape Town alichunguza chupa za fukwe za Kenya akakuta kwamba karibu na miji nyingi ni zetu wenyewe, na kwenye fukwe za mbali zinazotazama bahari kuu za kigeni huongezeka, hasa za Indonesia. Nasi tunawapelekea wengine. Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kisicho na wakazi ila watunzaji wachache na kobe wakubwa, kilifanyiwa usafi mwaka 2019. Ziliondolewa tani 25 za taka, nyavu kwa wingi na patipati kwa maelfu, na waliofanya kazi hiyo walikadiria kwamba tani kama 500 zimebaki. Taka za kisiwa kile si za nchi moja. Ni za kila aliyetupa kitu kinachoelea kandokando ya bahari ya Hindi.

Mafundi wa Lamu walilijibu jambo hili kwa kazi ya mikono. Mwaka 2018 walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuvishwa rangi za patipati 30,000 hivi. Lilipoanza safari yake ya Zanzibar ilikuwa Januari 2019, kaskazi inavuma, kama jahazi lolote la Lamu liendalo kusini.

Ninaliheshimu jahazi lile. Lakini kuokota ufuoni ni kazi ya mwisho, na ya gharama kubwa, kwa sababu kitu kikisha kufika Sabaki kimekabidhiwa kwa mwezi, kwa msimu na kwa upepo, na kila saa inayopita eneo lake linapanuka. Mtaroni Mitaboni kingali mahali pamoja. Mtu mmoja mwenye reki anaweza kukitoa.

Kwa watu wa Malindi na Mambrui neno langu ni hili: okoteni mara tu bamvua likianza kulegea. Bamvua huacha taka kwenye mstari wa juu kabisa, na maji mafu hayafiki pale, kwa hiyo mna siku kadhaa kabla bahari haijarudi kuzichukua na kuzipeleka kwa jirani. Na kwenu wa Mitaboni, wenye maduka, walimu wa shule, wenye mashamba kando ya korongo: mitaro izolewe Oktoba, kabla ya mvua. Wekeni wavu kwenye kila kalvati inayomimina korongoni, na matuta ya mashamba yatengenezwe mapema ili udongo ubaki shambani. Novemba ikifika kabla yenu, kazi hiyo itaangukia watu wa Malindi.